Maswali ya Wasomaji: Noti za Makaburu

SWALI: Nimeuziwa noti ya pauni 1 ya Zuid-Afrikaansche Republiek (jamhuri ya Makaburu huko Transvaal, Afrika Kusini ya leo), imeandikwa Pretoria 1900. Nitajuaje si nakala? Naweza kuipiga laminesheni? – Msomaji, Ilala

JIBU: Laminesheni usithubutu! Joto la mashine huigandisha plastiki kwenye karatasi, na haibanduki tena bila kuiua noti.

Kuhusu uhalisi, anza na tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) gizani. Karatasi ikiwaka buluu kali, ina dawa ya kung'arisha iliyoanza kutumika miongo kadhaa baada ya 1900, hapo umepigwa. Isipowaka, bado usishangilie. Shika lenzi ya mara 10 utazame mistari: nakala ya printa huonyesha vitone vya rangi, noti halisi ina mistari iliyokamilika.

Baada ya Pretoria kutekwa na Waingereza Juni 1900, serikali ya Makaburu ilihamahama na uchapaji ukafuata: Pietersburg 1901, kisha porini 1902, noti zenye maneno "te Velde". Hizo za porini zilichapwa hata kwenye karatasi za daftari zenye mistari, kwa hiyo ukiipata noti ya porini, usiitupe kwa kuonekana ya ovyo.

Kwa unyevu wa Dar, iweke kwenye mfuko wa poliesta, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vipakiti vya kufyonza unyevu, vile vya maboksi ya viatu. Plastiki laini ya PVC hutoa ulimbo unaonata. Mikunjo iache, pasi na maji hushusha bei kuliko mkunjo wenyewe.