Anayekimbia Nawe: Kwa Mwanafunzi Mkristo Anayeanza Chuo

Wewe uliyefika chuoni mwaka huu ukiwa na sanduku, godoro na Biblia uliyopewa siku ya kipaimara, nakuandikia kwa sababu nami nilifika hivyo hivyo, nikidhani kwamba imani yangu ni imara kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa ikibebwa na ratiba ya shule. Nilisoma sekondari ya bweni iliyokuwa chini ya kanisa, ambako kengele ya sala ya asubuhi ililia kila siku bila kujali kama mtu ana hamu ya kusali au hana. Chuoni hakukuwa na kengele. Katika muhula wa kwanza nilijiunga na ushirika mkubwa wa wanafunzi, nikawa nakaa viti vya nyuma na kuimba pamoja na mamia ya watu wasiolijua jina langu, na nilipoacha kwenda kwa majuma matatu mfululizo hakuna aliyetambua.

Wakati huohuo nilikuwa katika timu ya riadha ya chuo, tukiwa wakimbiaji tisa wa mbio ndefu tuliokutana saa kumi na moja alfajiri. Siku moja sikuamka. Kabla ya saa moja asubuhi mlango wangu ulikuwa umekwisha kugongwa, na kaka wa mwaka wa tatu aliyeugonga hakuja kunilaumu; aliuliza, "Mdogo wangu, unaumwa?" kisha akaniambia kwamba jioni tutazikimbia wawili zile kilomita nane nilizozikosa. Nilibaki kitandani nikijiuliza inawezekanaje watu waliounganishwa nami na mazoezi tu wajue nilipo, ilhali walioungana nami kwa ubatizo hawajui. Jibu lilichelewa kunifikia, na ningependa wewe ulipate mapema: katika timu nilikuwa nimekubali kujulikana, jina langu, muda wangu na goti langu bovu, lakini katika ushirika nilikuwa nimejificha, nikisubiri nitafutwe na watu ambao sikuwahi kuwaambia ninakoishi.

Kama unafuatilia riadha, utaikumbuka asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni, yaani kilomita 42.195, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wanariadha 41 walipokezana kumsindikiza kwa makundi, watano wakitangulia mbele yake ili kumkinga na upepo na wawili wakimfuata nyuma, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye medali zao wenyewe, kama Bernard Lagat na Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 2016, ambao siku ile hawakutafuta ushindi wao. Muda ule haukuingizwa katika rekodi rasmi za dunia, na mojawapo ya sababu ni huko kupokezana kwa wasindikizaji. Naona ni haki, kwa kuwa rekodi hupima nguvu za mtu mmoja. Lakini tazama Injili ya Marko, sura ya 2, inavyosimulia habari za mtu mwenye kupooza aliyebebwa na wenzake wanne mpaka wakaitoboa dari ili wamteremshe mbele ya Yesu. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao, na neno hilo "yao" nimelirudia mara nyingi nilipokuwa sina nguvu ya kusali, kwa maana linanionyesha kwamba yapo majira ambayo imani ya wenzangu huhesabiwa pamoja na yangu.

Hata hivyo, walipokaribia utepe, wasindikizaji wa Vienna walipunguza mwendo wakamwacha Kipchoge apite mbele peke yake. Mwenzako wa imani anaweza kukukinga na upepo kwa kilomita nyingi, lakini toba yako utaifanya wewe, na uamuzi wa kumfuata Kristo utautoa wewe. Anayetaka kukuamulia kila jambo, nani uzungumze naye, kozi gani uiache, fedha zako za kujikimu uzipeleke wapi, amekwisha kuacha kuwa msindikizaji. Ukikuta kikundi kinachokutaka ukate mawasiliano na wazazi wako au uache masomo kwa jina la Mungu, ondoka siku hiyo hiyo, kisha umweleze mchungaji, padre au mlezi wa wanafunzi unayemwamini.

Jambo la kasi ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Mkimbiaji mgeni wa marathoni akijiunga na kundi la wenye kasi kubwa kwa sababu tu kilomita tano za mwanzo zinampendeza, kwa kawaida huja kulipa kilomita kumi za mwisho akiwa anatembea. Nimewaona vijana walioingia ushirika wiki ya kwanza, wakafunga siku nyingi kuliko miili yao ilivyozoea, wakakesha katika maombi kila usiku huku wakikosa vipindi vya asubuhi, na kufikia mitihani wakawa wameanguka masomoni na katika imani pia, tena wakiona haya kurudi. Mtafute mtu anayekwenda mbele kidogo kuliko wewe, ambaye ukijitahidi unamfikia, na ambaye amekwisha kukuona ukiwa umechoka.

Namna ya kumtambua nilijifunza katika mbio za kupokezana vijiti. Katika zile za mita 100 kwa kila mkimbiaji, anayepokea huanza kukimbia na kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kwa kuwa anayemletea kijiti bado ana mwendo na sauti yake inatosha. Katika zile za mita 400 mambo hubadilika: anayepokea hugeuza uso amtazame mwenzake, kwa sababu anayekuja amechoka, huenda miguu imemwishia, na ni wajibu wa aliyepumzika kuukadiria mwendo wa aliyechoka na kukichukua kijiti mkononi mwake. Wengi watakaojiita ndugu zako katika Bwana watakusalimu vizuri bila kugeuza uso. Wawili au watatu watakutazama. Hao ndio wa kuwashika, hata kama hawana sauti nzuri ya kuongoza maombi, nawe uwatazame vilevile, maana kuna siku watakaochoka ni wao.

Mahali pa kuanzia papo. Vyuo vingi vya Tanzania vina matawi ya vyama vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, CASFETA au TMCS, kutegemea dhehebu lako, na parokia zina jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinazosali majumbani kwa watu, ambako kukosekana kwako kunaonekana kwa kuwa viti ni vichache. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho lililoanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea katika miaka ya 1930, walikutana katika vikundi vya namna hiyo, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, jambo waliloliita kuenenda katika nuru. Ninauheshimu utaratibu huo, ila kwa mtu aliye mgeni mahali ningeshauri mambo mazito yasemwe kwanza mbele ya mtu mmoja wa jinsia yako aliyekwisha kuthibitika kwamba hatangazi siri za watu, kama vile mambo ya chumba cha wanamichezo cha kubadilishia nguo yanavyobaki humo.

Mimi nilianza kwa yule kaka aliyenigongea mlango. Tulipokuwa tukirudi kutoka katika zile kilomita nane nilimwuliza kama anasali, akasema ndiyo, husali Jumatano jioni na wenzake wawili katika chumba namba kumi na nne, na kwamba wamekuwa wakitafuta mtu wa nne. Nilipofika Jumatano hiyo nilikuta wameshaniwekea kiti.