Msisubiri vipimo ndipo mseme: tajeni saa ya kurudi hewani, na mrudi

Ndugu, futa aya ya pili ya rasimu yako ya mpango wa matangazo ya dharura kabla haijafika mezani kwa RDC, yaani mkuu wa wilaya. Umeandika kwamba mtambo wa nyuklia wa Buyende, hapa Uganda, ukishajengwa, siku ukipata hitilafu kamati ya wilaya "haitatoa tamko lolote hadi vipimo vya mionzi vithibitishwe". Damu ilinichemka niliposoma. Wewe sikulaumu, maana nawajua wanaowafundisha watu maneno hayo.

Nilikuwa kwenye kamati ya maafa ya wilaya moja ya kando ya Ziwa Victoria wakati kiwanda cha kugandisha samaki kilipovuja gesi ya amonia. Kazi yangu ilikuwa kutangaza kwenye vile vipaza sauti vya mlingotini. Taarifa tulikuwa nayo mkononi, mistari mitatu: ingieni ndani mfunge milango na madirisha, jifunikeni pua kwa kitambaa kibichi, msikimbilie kule upepo unakoelekea. Mshauri aliyeletwa kutoka Kampala akatuzuia. Alisema tukitangaza kabla ya kipimo tutazua taharuki. Aliyebeba kipimo alikuwa bado yuko njiani, basi tukakaa kumngoja.

Wananchi hawakungoja. Boda mmoja alipita akipiga kelele kuwa tangi linalipuka, mwingine akaja na habari kwamba jeshi linafunga barabara. Soko zima likachomoka kufuata lami, kwa kuwa ndiyo njia waliyoizoea, na siku ile upepo ulikuwa unafuata lami hiyo hiyo. Kwenye kibanda cha roleksi, zile chapati za kukunjwa na mayai, nilikuta chapati imeungua ikawa mkaa, mayai yamekwisha kupigwa yako kwenye kikombe, mwenyewe hayupo. Tulimkuta mbele, ameketi kwenye ukingo wa mtaro na mtoto mgongoni, anakohoa, macho yamevimba hata hawezi kuyafumbua. Walitibiwa wakapona. Lakini chumba anacholala kiko nyuma ya kibanda kile kile, kina mlango na komeo. Angeambiwa tu aingie.

Tuliporuhusiwa kutangaza, tukapewa karatasi mpya iliyoanza kwa kuwatambua waheshimiwa mmoja mmoja. Neno "fungeni milango" lilikuwa chini kabisa. Baadaye mshauri akaandika kwenye ripoti kuwa wananchi walikosa nidhamu. Mpaka leo sentensi ile inanikera. Watu walionyimwa habari wanakosaje nidhamu?

Na kumbuka amonia ina harufu, hata kipofu anajua aikimbie. Mionzi haina harufu wala rangi. Mvuvi wa Bukungu, huko kwenu Buyende, hatakuwa na dalili yoyote ya kumwongoza isipokuwa neno lenu.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Japani, Machi 2011, mtambo wa Fukushima Daiichi ulipoharibika, watu wengi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, upande wa kaskazini magharibi, na huko ndiko mionzi mingi ilikoangukia. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta, SPEEDI, uliokuwa ukikadiria mionzi itaelekea wapi. Makadirio hayo hayakutangazwa kwa wananchi mpaka tarehe 23 Machi, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hayakuwa na uhakika. Sasa soma tena aya yako ya pili.

Kanuni ninayokusihi uiandike kwa herufi kubwa ni hii: kila tangazo litaje saa ya tangazo linalofuata, na saa hiyo ikifika mrudi hewani hata kama hamna jipya. Katika ajali ya mionzi, kukaa ndani ya nyumba iliyofungwa mara nyingi ndiyo kinga ya kwanza. Mtu aliyeahidiwa saa tisa atavumilia ndani hadi saa tisa. Asiyeahidiwa kitu atatoka kutafuta habari, naye akitoka ndipo mionzi inapompata. Tangazo la kwanza laweza kuwa fupi hivi: "Kuna hitilafu kwenye mtambo. Bado hatujajua kama mionzi imetoka. Ingieni ndani, fungeni madirisha, funikeni maji na chakula. Tutazungumza nanyi tena saa tisa kamili." Hapo hakuna uongo, na hakuna kipimo kinachosubiriwa.

Hata kama tangazo lenyewe lilikuwa kosa, rudini upesi. Januari 2020 jimbo la Ontario, Kanada, lilituma kwenye simu za watu tahadhari ya mtambo wa nyuklia wa Pickering iliyopelekwa kimakosa. Ujumbe wa kuirekebisha kwenye simu hizo ulichukua dakika 108. Fikiria mama wa Kidera, huko huko Buyende, mwenye watoto wanne anakaa dakika 108 hajui ahame au abaki.

Pia awepo msemaji mmoja. Kule Marekani, mwaka 1979, mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ulipopata ajali, kampuni na maofisa walipishana maneno hadi Rais Carter alipompeleka Harold Denton, ofisa wa tume ya nyuklia, kusema kwa niaba ya serikali ya taifa. Siku hiyo hiyo gavana alishauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 kutoka mtamboni waondoke, na waliohama wakafika kama 140,000.

Uliuliza pia kuhusu vidonge vya iodini: vinakinga tezi ya shingoni dhidi ya iodini ya mionzi tu, na humezwa pale mamlaka inapoagiza. Kuhusu lugha, hakikisha Kisoga, lugha ya wenyeji, kinatangulia na Kiswahili kinafuata kwa ajili ya wachuuzi na madereva wa malori, na kila lugha itaje saa ile ile.

Ukishaandika upya ukurasa huo, uweke hapa. Niko tayari kuupitia usiku huu huu, maana kikao chenu umesema ni Alhamisi.