Visukuku, masalia au mabaki?

SWALI: Naishi Bristol, Uingereza. Siku za mapumziko huenda na wanangu ufukwe wa Charmouth, Dorset, tukatafuta mawe yenye viumbe wa kale. Nataka kuwaandikia ndugu zangu nyumbani, Kenya na Tanzania, habari hizo. Niviite visukuku, masalia au mabaki? Kujua ni kiumbe gani, ni kutambua au kuainisha? Na je, niseme huu ni uraibu wangu?

JIBU: Andika visukuku, ndugu msomaji. Wengi wamelizoea neno hili katika "mafuta ya kisukuku" tu, wakadhani ni la makaa na petroli. Sivyo. Kisukuku ni kiumbe wa kale, au alama aliyoiacha, iliyohifadhika ndani ya mwamba.

Hapo "mabaki" hupwaya. Zile nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, hazina hata chembe ya mfupa. Hakuna kilichobaki cha mwili, ila ni visukuku kamili. "Masalia" nayo ni mapana mno: hata vigae vya chungu na magofu ya Kilwa ni masalia.

Kutambua na kuainisha ni hatua mbili, naomba usizichanganye. Umeokota kijiwe kirefu, laini, chenye ncha kama risasi. Ukisema "hiki ni belemnaiti", yaani sehemu ngumu ya ndani ya mnyama wa jamii ya ngisi, umekitambua. Ukiendelea kukiweka katika jenasi na spishi yake, yaani kundi lake dogo na aina yake hasa, hapo unaainisha, na mara nyingi utahitaji kitabu au mtu wa makumbusho.

Upatanisho wa kisarufi ndio unaowakwaza wengi. Amonaiti alikuwa mnyama wa baharini mwenye kombe lililojiviringa, kwa hiyo: "Amonaiti huyu aliishi baharini wakati wa Jura", yaani zama za dinosaria. Lakini jiwe ulilolishika si mnyama tena: "Kisukuku hiki cha amonaiti kimevunjika." Sentensi zote mbili zaweza kukaa katika aya moja bila kugongana.

Angalia pia kitenzi chako. Charmouth watu huokota vilivyoanguka ufukweni, hasa baada ya dhoruba za majira ya baridi. Majabali yenyewe hayachokonolewi, maana huporomoka. Basi andika "tuliokota", usiandike "tulichimba". Ndugu zako wa Tanzania wakisoma "tulichimba" wanaweza kudhani jambo hilo ni ruhusa kokote, ilhali kwao Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali.

Kuhusu uraibu, inategemea unamwandikia nani. Mkenya aliyelisoma shuleni ataelewa kuwa ni jambo ulipendalo wakati wa mapumziko. Mtanzania wa leo atafikiri dawa za kulevya. Kwa kuwa barua yako itasomwa na wote, sema tu: "Tunapenda kuokota visukuku", au tumia "hobi", ambayo mitaani imeshazoeleka.

Mwisho, ukiviwekea visukuku vyako vibandiko vya majina, usiandike jina la kiumbe peke yake. Taja na mahali na tarehe. Mfano: "Kisukuku cha amonaiti, kimeokotwa ufukweni Charmouth," kisha siku, mwezi na mwaka. Kumbuka ni "kimeokotwa", si "imeokotwa", kwa sababu kinachotawala sentensi ni kisukuku.