Mkuu, hayo mabaki usiyafute!!

Mkuu wa Bagamoyo simama hapo hapo. Umeuliza simu ngapi ziingie kila raundi ya kujifunza na kutuma, wifi au bando, ila katikati umeandika kwamba simu za wakulima wa mwani zitafundisha modeli (programu inayotambua kitu kwenye picha) zenyewe bila kutoa picha nje ya simu, halafu kila moja itatuma seva asilimia 1 tu ya mabadiliko ya namba za modeli, yale makubwa kuliko yote, "mengine nafuta". Hapo kwenye nafuta ndo nilipolia mimi.

Huku Tanga nilikuwa na vijana wa mwalo wa Deep Sea wanapiga picha samaki wakishushwa. Modeli ina namba milioni 2.3, kila namba baiti 4, yaani MB 9.2 kupakia kila raundi kila simu, na kupakia kwa mtandao wa simu ni polepole kuliko kupakua. Jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu, na hela yangu kaila, akasema tuma asilimia 1, zinazobaki takataka. Nikatuma namba 23,000, kila moja na baiti 4 nyingine za kuonyesha inakaa wapi, jumla KB 184. Bando likapumua kweli.

Kumbe changu na tasi kwa wingi wao ndo wanapita kila siku. Chewa ni wachache, namba yao inasogea 0.003 tu na kiwango cha chini cha kupita mchujo kilikuwa kama 0.02, basi inafutwa, raundi nyingine 0.003 tena, inafutwa tena, wakati ningeziacha zijumlishane raundi ya 7 ingefika 0.021 ingepita yenyewe! Wiki sita nanunua bando. Siku ya kuonyesha kijana kanyanyua chewa, maji yanamchuruzika mpaka kiwikoni, simu inasema changu. Kaniangalia tu, hajasema kitu.

Yule mtu bado inaniuma, maana hili sio siri, Microsoft walilionyesha toka 2014, walituma biti 1 kwa kila namba na kosa lililobaki wakalibeba raundi inayofuata. Kisichotumwa kinabaki kwenye simu, kinajumlishwa na kipya KABLA ya kuchagua. Haiongezi hata baiti kwenye bando. Na kiandike kwenye faili, kisikae kwenye ram (kumbukumbu ya muda) tu, Android ikiua app au simu ikizima chaji kimeenda.

Tafuta ule mstari unaofuta uubandike hapa tuuone, kabla hujawanunulia wale kina mama wa mwani bando.