Likizo ya familia Pwani: maswali yenu kabla ya Desemba

Shule zinakaribia kufungwa na maswali yenu yamerundikana. Mengi yanauliza bei, ukubwa wa kidimbwi cha kuogelea na kama kuna Wi-Fi vyumbani. Wachache mno wameuliza kuhusu maji yenyewe: kina chake, saa za kupwa na kujaa, na ni nani atakayewaangalia watoto wakiwa ndani. Nitajibu mlichouliza, na pale mlipoliacha hilo nitaliongeza mimi.

Tuna watoto wa miaka 3, 6 na 10. Tumepata hoteli mbili Diani kwa bei inayokaribiana. Moja ina kidimbwi kikubwa chenye mitelezo, ya pili ina kidimbwi kidogo lakini iko ufuoni kabisa. Tuchukue ipi? (Mama wa watatu, Nakuru)

Kabla hujachagua, zipigie simu zote mbili. Uliza kama kidimbwi kina mwokoaji, anaingia kazini saa ngapi na kutoka saa ngapi, na kama kazi yake ni hiyo tu au ndiye pia anayegawa taulo na kupeleka soda. Uliza kama kidimbwi cha watoto kimejengwa peke yake, au ni upande mmoja wa kidimbwi kikubwa ambako sakafu inateremka polepole hadi mtoto anajikuta hana pa kukanyaga. Uliza kama usiku kinafungwa. Atakayejibu maswali haya bila kubabaika ndiye umpe pesa zako. Akikwambia “usijali mama, kuna kibao cha tahadhari”, kata simu. Kibao kinachosema unaogelea kwa hiari yako kipo kumlinda mwenye hoteli siku ya kesi, hakimtoi mtoto majini.

Watu wengi hawajui kwamba mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Hana pumzi ya kuitia. Anazama kimya, mara nyingi hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza. Ndiyo maana nawasihi wazazi wagawane zamu: mtu mzima mmoja, nusu saa, bila simu mkononi na bila bia, na huyo wa miaka 3 asitoke kwenye umbali wa mkono wako. Maboya ya kuvaa mkononi huchomoka, msiyategemee. Kaka wa miaka 10 naye si mlinzi. Amekuja likizo kama wenzake, msimbebeshe mzigo huo.

Majibu yakilingana, chukueni ile ya ufuoni. Mitelezo ipo hata Nairobi.

Diani au Watamu? (Wengi, kila wiki)

Mngeniambia mnakwenda mwezi gani na watoto wana umri gani, ningewajibu kila mmoja lake. Swali likija tupu hivi, jibu ni hili: Diani ina ufuo mrefu, mchanga mweupe laini, maduka na zahanati karibu, na kiwanja cha ndege cha Ukunda. Watamu ni ndogo na tulivu zaidi, ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, ghuba zenye maji ya kina kifupi, Mida Creek na magofu ya Gede kwa siku ambayo watoto wamechoka na jua. Mwenye watoto wadogo sana ningempeleka Watamu. Mwenye vijana wanaotaka shughuli kila saa, Diani. Sitalijibu tena hadi mwakani.

Naomba hoteli nzuri ya bei nafuu. (Baba, Eldoret)

Nzuri kwa nani, lini, na watu wangapi?

Agosti tulilipa hoteli ya ufuoni. Kila asubuhi tulikuta bahari imekwenda mbali, ni mawe na mwani tu, na watoto walilia. Je, tulidanganywa na picha? (Thika)

Hamkudanganywa. Hakuna aliyewaambia, na nyinyi hamkuuliza. Hili ndilo ningependa kila familia ya bara ilijue kabla haijalipa hata shilingi.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mahali ambapo jioni mliogelea, asubuhi mnatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba. Siku hizo, kwenye pwani ya Mombasa, maji huwa yamekupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Wiki moja baadaye huja maji mafu na saa zinageuka: maji hujaa kuelekea saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Bila shaka nyinyi mlifika wakati wa bamvua.

Mwenye watoto wanaoamka mapema na kulala mchana atafute siku za maji mafu. Angalia kalenda ya mwezi kwanza, ndipo ukate tiketi. Ukikosa uhuru huo kwa sababu ya likizo ya kazini, basi panga siku zako kwa kufuata maji: asubuhi ya bamvua ni ya kutembea na kutazama vidimbwi vya miambani, mkiwa na viatu miguuni maana miiba ya baharini haina huruma, na kuogelea kuwe alasiri. Kila mvuvi na kila mlinzi wa ufuoni anajua saa za maji za leo. Muulizeni, na mumsikilize.

Kuhusu mwani: kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huvuma kusi, ambao huchafua bahari na kutupa mwani ufuoni. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na maji matulivu zaidi kwa mtoto, ingawa jua lake ni kali. Malindi lina lake la ziada: mto Sabaki hushusha udongo wa bara, na mvua zikinyesha huko juu, maji ya ghuba hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo haimaanishi Malindi ni pabaya, ila anayetaka maji ya samawati kama ya kwenye picha asiende huko msimu wa mvua kisha aje kulalamika.

Hoteli tunayoitaka inajitangaza kuwa na “ufuo wa binafsi”. Je, watoto watakuwa salama zaidi huko? (Ruiru)

Hakuna ufuo wa binafsi Kenya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Hoteli inayokuuzia ufuo inakuuzia kitu kisicho chake, na ningeitilia shaka hata ahadi zake nyingine. Vijana wanaouza vikoi na safari za mashua wana haki ya kupita hapo kama wewe. Wasalimie, sema hapana kwa heshima, na maisha yaendelee. Wengi wao ndio watakaoruka majini kwanza mwanao akizidiwa.

Tunaona nyumba za kupanga Tiwi na Diani kwa nusu ya bei ya hoteli. Kuna hasara? (Familia ya watu wanane, Nairobi)

Kwa watu wanane, nyumba ndiyo hesabu yenye akili, na mimi naipenda kuliko hoteli. Mpishi hupatikana kwa urahisi, wavuvi huleta changu na pweza hadi mlangoni, na watoto wanakula wanapoona njaa badala ya kungoja chakula cha saa mbili usiku.

Hasara ziko mbili. Ya kwanza ni matapeli. Kila Desemba kuna familia zinazofika Ukunda na mizigo na kukuta nyumba haipo, au ipo lakini mwenyewe hana habari zao. Msitume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi aliyeweka picha tu mtandaoni. Takeni Paybill au Till yenye jina la biashara, takeni kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video kutoka mlangoni hadi barabarani, na ulizeni leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Mwenye biashara halali hakasiriki kuulizwa.

Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi: nyumba hizi nyingi zina kidimbwi hatua tano kutoka sebuleni, bila ua na bila mwokoaji yeyote. Mtoto wa miaka miwili huamka kabla yenu. Kama mlango wa kuelekea kidimbwini haufungwi kwa komeo la juu, tafuteni nyumba nyingine. Ya Tiwi ina la kuangalia zaidi: pale mto Mwachema unapoingia baharini, karibu na msikiti wa Kongo, panavutia sana kwa picha, lakini maji yanapoanza kutoka mkondo huvuta kuelekea nje kwa nguvu. Watoto wasiogelee hapo maji yakitoka, hata wanaojua kuogelea.

Tufike vipi? Bado tunaogopa foleni ya feri ya Likoni. (Naivasha)

Foleni hiyo hamlazimiki kuipanga. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, gari linatoka Miritini, iliko stesheni ya SGR, hadi pwani ya kusini bila kuingia kisiwani wala kupanda feri. Treni daraja la kawaida imekuwa Sh1,500 tangu Januari 2024, na tiketi za Desemba huisha mapema. Mkiwa na watoto chukueni ya asubuhi. Ile ya alasiri inawafikisha usiku, na kutafuta nyumba msiyoijua usiku na mtoto begani si mwanzo mzuri.

Kima huingia vyumbani Diani? (Kericho)

Huingia. Fungeni madirisha, msiache matunda wala sukari mezani, na msiwalishe hata mkibembelezwa kwa macho. Wanaolishwa na wageni ndio wanaokuja kuuma watoto.

Nina watoto wawili, tunaishi Leicester. Tunataka kijiji cha likizo cha karavani (nyumba ndogo za magurudumu) karibu na Skegness, mji wa ufuoni, mwezi Agosti kwa sababu Mombasa hatumudu mwaka huu. Nitazame nini? (Mama, Uingereza)

Hongera kwa kutokopa ili uonekane umekwenda Mombasa. Vijiji hivi vina historia ndefu hapo Skegness, ambako Billy Butlin alifungua kambi yake ya kwanza mwaka 1936, na kwa familia ya kawaida vinafaa.

Soma kilichomo kwenye bei. Mara nyingi bei ya chini unayoiona ni ya karavani tu, na kidimbwi cha ndani pamoja na burudani za watoto vinahitaji pasi ya kulipiwa mbali. Uliza pia kuhusu shuka, taulo na umbali wa kutembea hadi ufuoni. Agosti ni ghali kwa sababu shule zimefungwa, lakini usimtoe mtoto shuleni ili upate nafuu: nchini England faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto tangu Agosti 2024, na huongezeka usipolipa ndani ya siku 21. Jaribu likizo fupi ya mwisho wa Mei.

Sasa maji. Bahari ya Kaskazini hata Agosti huwa nyuzi 16 au 17 tu, na mtu aliyelelewa Likoni akiruka humo ghafla hupoteza pumzi. Ingieni polepole. Ogeleeni kati ya bendera nyekundu-njano, ambako waokoaji wanaangalia. Na boya la kupuliza la umbo la bata liacheni dukani. Pwani ile inatazama mashariki na upepo wa kawaida huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo huchukua boya pamoja na mtoto na kulipeleka mbali baharini. Hilo likitokea, piga 999 na uombe walinzi wa pwani. Usimfuate kwa kuogelea.

Je, tunahitaji dawa ya malaria tukitoka Nyeri? (Nyeri)

Muone daktari kabla ya safari, hasa kama kuna mjamzito au mtoto mchanga. Laleni ndani ya chandarua hata chumba kikiwa na kiyoyozi. Mtoto akipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambieni daktari kwamba mlikuwa Pwani. Kule kwenu huenda asiifikirie malaria.

Tumeahidiwa safari ya mashua kwenda kwenye fungu la mchanga la Sardegna Due, karibu na Watamu. Tuna watoto wa miaka 4 na 7. Twende? (Machakos)

Ni pazuri kweli, na watoto watapafurahia. Lakini fungu hilo hutokea maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kabla ya kulipa mwulize nahodha maji yatageuka saa ngapi na mtaondoka hapo saa ngapi. Akisema “tutaona tukifika”, tafuteni mwingine. Mashua isiondoke ikawaacha hapo kwenda kuchukua kundi jingine. Chukueni kofia, maji ya kunywa na fulana za mikono mirefu, maana hakuna kivuli. Na watoto wavishwe jaketi za kuokolea mkiwa bado nchi kavu: ivute ya kila mmoja kwenda juu mabegani, na ikimpita masikioni ni kubwa mno kwake. Kama nahodha hana za saizi yao msipande, hata kama mmeshalipa.