Jibu: Kusoma DIM na VSLM kwenye madhabahu za Mithras

Ndugu, uliuliza DIM na VSLM zina maana gani kwenye madhabahu za Mithras, mungu aliyeabudiwa na askari wengi wa Kirumi. Anza na mstari wa mwisho wa maandishi, si wa kwanza. VSLM ni kifupi cha Kilatini, votum solvit libens merito: ametimiza nadhiri kwa hiari, na mungu alistahili. Kwa hiyo jiwe lilisimamishwa ombi likishajibiwa. Ni deni lililolipwa. DIM ni Deo Invicto Mithrae, "kwa Mithras, mungu asiyeshindwa". Angalia hiyo I vizuri, maana DM tupu kwa kawaida ni ya kaburini, Dis Manibus, "kwa roho za wafu".

Utamu uko katikati: jina, cheo, kikosi. Kule Carrawburgh, ngome ya Kirumi kwenye Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, jiwe la Lucius Antonius Proculus lina COH I BAT ANTONINIANAE, kohorti (kikosi cha jeshi la Kirumi) ya 1 ya Wabatavi. Neno la mwisho ni jina la heshima la kikosi, lililotokana na jina la kaisari, nalo linaliweka jiwe kati ya 213 na 222 BK. Jirani yake, la Simplicius Simplex, lina MITRAE bila H. Nakili hivyo hivyo, usisahihishe. Miale ya taji la Mithras aliyechongwa kwenye jiwe hilo imetobolewa ipitishe mwanga wa taa iliyowekwa nyuma.

Herufi zikififia, mulika kutoka ubavuni. Mwanga wa mbele huua vivuli, na V huanza kufanana na N.