Umewekewa figo? Ngozi nayo inataka macho yako

Toka Muhimbili waanze kupandikiza figo 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma 2018, ukijumlisha na waliofanyiwa India, wenye figo mpya mtaani wapo wengi tu. Maswali ya kansa ya ngozi yamekuja mengi, leo najibu haya.

Dokta, mi mweusi tii. Kansa ya ngozi si ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino?

Hapana kaka, jua ni sababu moja tu. Zile dawa unazomeza kila siku ili mwili usiikatae figo, sijui takrolimasi, saiklosporini, azathioprini, zinashusha kinga, na kinga hiyohiyo ndo ilikuwa inawinda seli zilizoharibika na kuvibana virusi. Ni kweli weusi tunapata kidogo kuliko Wazungu ila shida yetu inakaa pale ambapo jua halifiki: sehemu za siri, njia ya haja kubwa, nyayo, chini ya kucha, hata mdomoni. Halafu ukanda wetu una kansa ya Kaposi, inaletwa na kirusi ambacho huku wengi wanacho bila kujua, na kwa aliyepandikizwa inaweza kutokea mapema, hata ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ndo maana yale mabango ya "kagua uso na mikono" hayatutoshi kabisa.

Nakaguaje, naishi peke yangu?

Mara moja kwa mwezi, ukitoka kuoga, kwenye mwanga mzuri. Anza kichwani kwa vidole, masikio, shingo, kwapa, chini ya matiti, shuka mpaka katikati ya vidole vya miguu. Nyayo na huko chini kalia kitanda ushike kioo cha mkononi. Mgongo simama kipe mgongo kioo kikubwa, kile kidogo shika mbele, au upige picha kwa simu. Picha zihifadhi manake mwezi ujao utakuwa unabishana na kumbukumbu yako.

Naangalia nini hasa? Maana madoa ninayo kibao!

Kipya na kinachobadilika. Kidonda ambacho mwezi unaisha hakijapona, kinundu kigumu chenye magamba, sunzua inayokua haraka, mstari mweusi kwenye kucha unaopanuka. Kaposi huja kama mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi, mara nyingi miguuni, na mguu unaweza kuvimba. Usisubiri mpaka usikie maumivu, nyingi mwanzoni haziumi.

Nimeona kitu, niache dawa kwanza?

Usithubutu dada yangu! Utapoteza figo. Piga simu kliniki, uombe waione ngozi mapema, watakata kinyama wakapime. Ikibidi wao ndo watapunguza dozi au kukubadilishia, kuna dawa inaitwa sirolimasi ambayo imesaidia wengi wenye Kaposi baada ya figo.

Naona aibu kumwonyesha daktari huko chini.

Mama, mwambie tu unataka daktari wa kike, kuomba hivyo ni haki yako. Na kwa wanawake kipimo cha mlango wa kizazi usikiruke, kirusi cha HPV kinachosumbua huko ndo kinasumbua na ngozi ya jirani.

Mkorogo je?

Acha. Na kwenye jua la saa sita vaa kofia na mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 kwenda juu kama mfuko unaruhusu.